Kisangani, Mlango wa Nyuma wa Maziwa

Anayetaka kuyajua maziwa yetu makuu asiishie ufukweni. Akishaoga Kigoma, akala mgebuka wa Kalemie, akapiga picha ya machweo juu ya Kivu pale Bukavu, ajue bado hajaona maji hayo yanakokwenda. Maziwa yana mlango wa nyuma, na mlango huo ni Kisangani.

Fuata njia yenyewe kwa kidole. Mto Chambeshi unatoka nyanda za juu za Zambia, jirani na mpaka wa Tanzania, unazama katika vinamasi vya Bangweulu, unatoka ukiitwa Luapula, unajaza Ziwa Mweru, unatoka tena ukiitwa Luvua, na kule Ankoro unakutana na Lualaba, ambao nao umekwisha kupita katikati ya maziwa ya bonde la Upemba. Upande wa mashariki, Kivu linamwaga Ruzizi, Ruzizi unamwaga Tanganyika, na Tanganyika lenye kina cha mita 1,470 lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, palepale Kalemie. Lukuga nao unaufuata Lualaba. Maji ya Zambia, Tanzania, Burundi, Rwanda na Kongo yenyewe yanakuwa mto mmoja, unaelekea kaskazini kupitia Kindu na Ubundu, unavuka ikweta katikati ya maporomoko saba ya Boyoma, na chini ya poromoko la mwisho, mbele ya mji, unaacha jina la Lualaba na kuitwa Kongo.

Nisitie chumvi. Sehemu kubwa ya maji anayoyaona mtu Kisangani ni mvua ya misitu ya Maniema na Tshopo. Tanganyika hupoteza maji mengi zaidi kwa jua kuliko kwa Lukuga, na Lukuga wenyewe umewahi kugoma kabisa. Mpelelezi Cameron alifika pale mwaka 1874 akasema ameona pa kutokea. Stanley akaja 1876 akakuta matope na mafunjo yameziba njia. Hore wa misheni ya London alipokwenda 1879 alikuta maji yanakwenda kwa kasi. Kizibo kilikuwa kimeng'oka, na katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata ziwa zima lilishuka kwa karibu mita 10. Kwa mtu aliyekulia Kigoma, kama mimi, habari hiyo ina uzito wake. Ziwa tulilodhani ni letu lina mlango ambao ufunguo wake uko kwa jirani.

Basi nilikwenda kuwaona majirani.

Kisangani haikujengwa ili ipendeze mgeni, na huenda ndiyo maana inapendeza. Kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka barabara inapita kwenye mianzi na migomba, kisha mji unajitokeza polepole: majumba ya enzi za Wabelgiji yaliyochujuka rangi, miembe mikubwa, kanisa kuu la matofali mekundu lililoukabili mto, na kila mahali watoleka, yaani waendesha baiskeli wenye viti vya nyuma vilivyopambwa vitambaa, wanaopita bila kelele huku pikipiki zikiwapigia honi. Nikikaa kwenye kiti hicho cha nyuma nauona mji kwa kasi inayofaa. Mtoleka wangu alinipigia soga tangu Makiso hadi Mangobo, akichanganya Kiswahili na Kilingala bila kujali ni kipi ninakielewa, na kila tulipopita mahali palipowahi kupigwa mabomu alinionyesha kwa kidevu tu. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu kwa siku sita, yote mawili yakiwa ya kigeni. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa uharibifu ilioufanya Kongo. Ukikaa kwenye baraza lolote jioni, mazungumzo ya fidia hayachukui muda kufika.

Kiswahili chenyewe kilifika hapa kwa mkono usio safi. Kilikuja na misafara ya pembe na watumwa, na Tippu Tip, Hamad bin Muhammad al-Murjebi, akawa hata gavana wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mapatano na Mfalme Leopold. Kilichobaki ni lugha na wajukuu. Leo mama anayekuuzia kwanga, mkate wa muhogo, sokoni atakujibu kwa Kiswahili chake bila deni kwa Zanzibar wala Dar es Salaam, na ukimsahihisha utakuwa umejiaibisha mwenyewe. Mimi nilijifunza haraka kusema "maji iko" na kunyamaza.

Chakula kwanza, kabla ya siasa. Lituma, ndizi zilizochemshwa zikapondwa hadi zikashikana, huliwa na samaki wa liboke, yule aliyefungwa kwenye majani na kuwekwa juu ya makaa. Kuna mboto, kuna ngolo, na kama bahati ni yako kuna mbenga, samaki mwenye meno ambayo mtu akiyaona anaelewa kwa nini wavuvi humwogopa hata akiwa tayari ndani ya mtumbwi. Kuna sombe, yaani kisamvu, la mawese, kuna viwavi wa msituni waliokaushwa. Lakini angalia vizuri meza za soko kuu: kando ya samaki wa mto yamepangwa maboksi ya samaki wa barafu waliovuliwa baharini, mbali sana na hapa, na wanunuzi wengi wanaelekea kwenye maboksi. Ni rahisi. Mji uliokalia mto mkubwa kuliko yote ya Afrika kwa wingi wa maji unakula samaki wa bahari kwa sababu ndiye unayeweza kumlipia.

Asubuhi niliyokwenda kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Boyoma, maji yalikuwa yameshuka, na huo ndio wakati wa kwenda. Sauti hutangulia. Kisha unaona miti: magogo marefu yaliyosimikwa mawili mawili na matatu matatu ndani ya mashimo ya mwamba, katikati ya maji yanayochemka, yamefungwa kwa kamba za msituni bila msumari hata mmoja. Juu yake inaning'inia migono, vikapu vya umbo la pia, vingine virefu kuliko mtu. Mdomo wa mgono huelekezwa panapotoka maji. Samaki anayeshuka na mkondo huingia na hawezi kugeuka, kwa sababu nguvu ile ile iliyomleta inamsukumia ndani zaidi. Hakuna chambo wala ndoana, na wavu hauna kazi hapa. Mvuvi anachokijua ni maji: yatapita wapi yakishuka kidogo, na yatapasua nini yakipanda.

Kila mwaka mto ukijaa huondoa sehemu ya miti hiyo, na kila mwaka Wagenia huingia tena majini kuisimika. Nilimtazama kijana akitembea juu ya gogo lililolowa, mikono mitupu, povu likimrukia magoti, akashuka kwa kamba hadi kwenye mgono, akatoa samaki wawili tu na kucheka. Mzee aliyekaa nami juu ya mwamba hakucheka. Nilimuuliza kama mtu yeyote anaweza kuja kutega.

"Pahali hii ni ya bankambo wetu," akasema. "Hauwezi tu kuja kusimika miti yako."

Kila shimo la mwamba lina ukoo wake. Mwanawe atarithi shimo hili, mwana wa ndugu yake lile. Mzee alinitajia mipaka ambayo macho yangu hayakuiona, kwenye maji ambayo hayatulii hata nukta moja. Nimesoma mikataba kadhaa ya maji ya Afrika. Sijaona uliogawa haki kwa uangalifu wa namna ile.

Na mikataba ipo. Juni 2003, Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini Mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika, na mamlaka yake ikawekwa Bujumbura. Kwa upande wa mto kuna CICOS, tume ya bonde la Kongo, Ubangi na Sangha, iliyoanzishwa 1999 na Kameruni, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo zote mbili, makao yake Kinshasa. Soma orodha hizo mbili pamoja. Wenye ziwa wanakaa Bujumbura bila watu wa chini ya mto, na wenye mto walianzisha baraza lao bila Tanzania, Zambia, Burundi wala Rwanda. Nchi iliyo mezani kote kuwili ni moja, ile ya Kinshasa, na Kinshasa iko kilomita 1,700 na zaidi kutoka hapa kwa njia ya maji. Mji ambapo maji hayo hubadili jina haumo katika karatasi yoyote kati ya hizo, isipokuwa kama nukta kwenye ramani.

Hali ya maziwa inalidhihirisha pengo hilo. Taka za plastiki za Bukavu husombwa na mvua hadi Kivu na kujazana mlangoni mwa Ruzizi, ambako zimewahi kuzima mitambo ya umeme ya bwawa la kwanza. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda likameza nyumba za Uvira, Bujumbura na Kalemie, na sisi Kigoma tuliangalia gati na barabara za ufukweni zikizama. Papo hapo Tanzania ikafunga uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 ili samaki wapumue. Januari mwaka huo huo mto wenyewe ulifika mita 6.20 Kinshasa, karibu sana na rekodi ya 1961. Watu wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya Kisangani, hawakuhitaji kusomewa vipimo hivyo redioni.

Lakini tishio lililonifanya nipange safari hii ni la karatasi, na halihusu ziwa lolote kati ya haya. Linahusu Ziwa Chad.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Chad lilikuwa na kilomita za mraba kama 25,000. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980, pamoja na maji yaliyochotwa kwa mashamba, uliliacha chini ya sehemu ya kumi ya hapo. Watu waliteseka kweli, na hakuna anayekaa kando ya ziwa asiyewaelewa. Kampuni ya Italia iitwayo Bonifica ikachora jawabu: mfereji wa kilomita kama 2,400, ukipita kwenye mabega ya bonde la Kongo upande wa kulia, ukiikata mito kabla haijafika mtoni, na kuyapeleka maji kaskazini hadi mto Chari. Uliitwa Transaqua. Katika mchoro wa awali ungehamisha hadi mita za ujazo bilioni 100 kwa mwaka. Ulilala, ukaamka: mwaka 2017 Bonifica ilishikana na PowerChina, na Februari 2018 mkutano mkubwa wa Abuja ukaunga mkono kuhamisha maji ya bonde la Kongo kama jambo lisiloepukika, Italia ikaahidi fedha za uchunguzi. Katika Tume ya Bonde la Ziwa Chad, iliyozaliwa 1964, Kongo ya Kinshasa imo kama mtazamaji tu. Mwenye maji alialikwa kutazama.

Wenye mradi hupenda kusema ni asilimia chache tu ya mto. Hesabu hiyo hupigwa mwishoni kabisa, pale Kongo unapomwaga baharini wastani wa mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Njoo uipigie hapa. Kisangani mto haujapokea bado Aruwimi, Ubangi wala Kasai. Haufiki nusu ya ule wa baharini. Panda juu zaidi, kwenye mito ya ukingo wa kulia ambayo ndiyo mfereji ungeikata, na katika Tshopo hiyo ni mito kama Lindi na Aruwimi: huko asilimia chache ya bahari inaweza kuwa mto mzima wa kijiji. Na wataalamu wa Ziwa Chad wenyewe wanasema tangu miaka ya 1990 ziwa limeacha kupungua na limejirudishia kidogo, ingawa mikutanoni bado linaelezwa kana kwamba linakata roho. Siamini mfereji huo utachimbwa. Fedha hazipo na njia yenyewe inapita katikati ya vita. Linalonikera ni kwamba kwa miaka arobaini umejadiliwa katika miji ambayo haina hata tone la maji hayo.

Nilimweleza mzee wa Wagenia habari hiyo kwa maneno machache. Aliitafakari, akatema kipande cha mti wa meno.

"Kama banataka maji, baje baulize kwanza."

Karibu zaidi na nyumbani kwake kuna mtu ambaye hakuuliza na tayari anachimba. Nilipanda pikipiki kwenda Banalia, kaskazini, mahali barabara inapokutana na Aruwimi, mto unaotoka Ituri na misitu ya okapi. Aruwimi ni mpana na mzuri, wenye visiwa vyenye miti hadi majini. Juu yake zilielea dragi, mitambo ya mabati yenye injini na mabomba, inayofyonza changarawe ya chini ya mto, kuiosha kutafuta dhahabu na kuitapika upya katika malundo. Malundo yale yanageuza mkondo. Mahali samaki walipokuwa wakitagia panakuwa kichuguu cha kokoto, na maji chini ya dragi yana rangi ya chai ya maziwa. Dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na zebaki ikishaingia mtoni haitoki. Inapanda kutoka tope hadi samaki na kutoka samaki hadi mlaji. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema uchimbaji mdogo ni wa Wakongo wenyewe katika vyama vyao. Nyingi ya dragi hizi zina mtaji na mafundi kutoka China, na mkono wa Mkongo aliyezifungulia mlango hauonekani ukiwa ukingoni. Mama mmoja anayeuza mihogo pale kivukoni aliniambia kwamba siku hizi huchota maji ya kunywa kwenye kijito cha msituni, si mtoni. Alisema hivyo akipanga mihogo yake, bila kulalamika, na mimi ndiye niliyepata hasira.

Kwa haki, dola nalo lina ndoto zake za kijani. Januari 2025 Rais Tshisekedi alitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita za mraba 540,000, na uti wake wa mgongo ni mto huu na mji huu. Kabla mwezi haujaisha Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23, na Bukavu ikafuata Februari. Ukanda ukapoteza kichwa ukiwa mchanga. Serikali iliyoutangaza ndiyo iliyopiga mnada vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi ya Kivu mwaka 2022, ikafuta mnada wa mafuta Oktoba 2024, kisha 2025 ikafungua vingine vingi zaidi katika mabonde ya kati yenye mboji, ambayo Tshopo ya magharibi ni pindo lake. Mtu wa Kisangani akizisikia habari hizi hutaka kujua jambo moja la karibu zaidi: umeme leo utarudi saa ngapi? Bwawa la Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950 ndani ya mji kabisa, ni zuri kutazama na mitambo yake ni michovu. Usiku unasikia maji yakianguka gizani, na jirani akiwasha jenereta.

Bado naipenda Kisangani, na sababu moja ni watu wanaoendelea kuuhesabu mto huu bila kutumwa. Mwaka 2010 msafara wa wanasayansi, Wakongo na Wabelgiji, ulioitwa Boyekoli Ebale Congo, uliondoka hapa kwa mashua ukihesabu samaki, mimea na wadudu wa kingo. Baada yake mji ukapata Kituo cha Kuchunguza Bayoanuwai kando ya chuo kikuu kilichozaliwa 1963. Huko nimeona samaki kwenye chupa za spiriti zenye majina ya mito ambayo dragi zimekwisha kuifikia. Mwanafunzi aliyenitembeza alikuwa Mlokele, na alijivunia kwamba babu yake aliweza kupeleka habari ng'ambo kwa ngoma, kijiji hadi kijiji. Yangambi, kilomita mia hivi kwenda magharibi, kuna mnara wa mita 55 unaosikiliza msitu ukivuta na kutoa pumzi mchana na usiku. Kwenda huko kwa mashua, kuketi juu ya magunia ya mahindi, kupita visiwa na vijiji vya nguzo, watoto wakipiga makasia kuja kuuza kambale wa moshi, ni nusu ya safari nzima na pengine nusu iliyo bora.

Anayetaka kwenda achague miezi ya maji machache, abebe mwavuli hata hivyo, na awe na fedha ndogondogo za faranga kwa ajili ya kuvuka Lubunga. Wagenia kuna ada. Ilipe bila kuvutana sana, kisha omba upelekwe kwa mtumbwi hadi chini ya miti yenyewe, kwa sababu kutoka ukingoni huwezi kuipima nguvu ya maji. Kula lituma mchana, si usiku. Na kama wewe ni waziri wa maji wa nchi yoyote kati ya zile tano zinazoulisha mto huu, au ya zile za Chad, chuo kina ukumbi, nyumba za wageni zipo, na mtoleka yeyote atakufikisha mtoni kabla hujamaliza kumweleza ajenda yako.